Mshale Ulioanza Nyuma ya Sifuri

Jino langu la mbele limemeguka pembe. Wajukuu wanadhani nilipigana ujanani, nami nawaacha wadhani hivyo kwa sababu inanipa heshima kidogo pale nyumbani. Ukweli ni kwamba lilimegwa na mbegu ya pamba. Nimepasua mbegu za pamba kwa meno miaka zaidi ya thelathini, kuanzia Bugwema mpaka Butiama mpaka Mugeta. Ninyi vijana mnaoanza kazi kwenye makampuni, mkiwa na kitambulisho shingoni na simu mbili mkononi, nina jambo la kuwaambia ambalo sidhani mtaambiwa kwenye semina. Nitalisema nikiwa na wivu wangu hapa hapa kifuani. Sijapona, na sitajifanya nimepona.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Mimi nilikuwa karani wa kununua pamba. Kituo changu kilikuwa turubai, meza, kiti, na mizani ya kuning'inia, ile yenye uso wa saa na mshale mmoja. Mkulima analeta gunia. Usiliangalie kwa juu, kwa sababu juu kila mtu anaweka pamba safi, hata mwizi. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, vuta ya katikati, inuse. Halafu chukua mbegu moja, iweke kati ya meno, bana. Ikilia "ka!" imekauka, pima. Ikibonyea kimya kimya, ina maji, mwambie mwenyewe airudishe akaianike. Pamba yenye maji ukiirundika ghalani inapata joto yenyewe, inageuka rangi, na inaiharibu hata ile ya jirani yake iliyokuwa haina kosa.

Na wakulima walitujua. Nimekuta mchanga wa mtoni ndani ya gunia, nimekuta chumvi, nimekuta jiwe la kusagia. Siku moja, nikiwa bado mgeni, niliona uvivu kuingiza mkono kwa sababu mwenye gunia alikuwa shemasi. Gunia lilipofunguliwa kiwandani Bunda likatoka boga zima, limeiva vizuri. Meneja akaniita mbele ya vibarua wote akaniuliza, "Magesa, hili tulitoe nyuzi au tulipike?" Kwa mwezi mzima vibarua waliniita Boga. Tangu siku hiyo hata askofu angeniletea gunia, ningezamisha mkono.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nyamhanga wa Butiama, mtu mfupi, mkali, mwenye suruali iliyopandishwa juu ya kitovu. Kila asubuhi kabla ya kumwita mtu wa kwanza alikuwa analitundika dumu la maji kwenye mizani mbele ya watu. Lita ishirini za maji ni kilo ishirini, ongeza uzito wa dumu lenyewe, basi. Mshale ukigoma kufika hapo, hafungui kituo. Nilimuuliza kwa nini anajichosha wakati mizani ilikuwa na muhuri wa wakaguzi. Akaniambia, "Kijana, maji hayasomagi barua ya meneja."

Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nilikuja kumwelewa miaka mingi baadaye, barua ya meneja ilipofika kwangu. Haikuwa barua hasa. Meneja mpya alikuja na gari, akashuka, akasifia turubai langu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Magesa, pamba inapungua njiani. Vumbi linadondoka, unyevu unakauka. Mshale uanze nyuma kidogo tu, nyuma ya sifuri, tusipate hasara." Kuna skrubu ndogo kwenye uso wa mizani ile. Nilichukua bisibisi nikaikaza mwenyewe, mkono wangu huu. Gunia la kilo arobaini na tatu likawa linasoma arobaini. Dumu aliloniachia Mzee Nyamhanga nikampelekea mke wangu akalitumia kuchotea maji.

Nilijiambia kwamba ni vumbi. Mwaka wa kwanza ilinikera, mwaka wa pili nilisahau kwamba ilikuwa inanikera.

Sasa nimlete Nyangeta. Alikuja kwetu akiwa amemaliza kidato cha nne, binti mwembamba mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Nilipewa nimfundishe. Nilimfundisha kuingiza mkono, nikamfundisha kunusa, nikamfundisha kupasua mbegu. Nilimsimulia hata habari za Mzee Nyamhanga na dumu lake, kama hadithi ya kuchekesha ya zamani. Yeye hakucheka. Alishika kazi haraka kuliko mimi nilivyoshika, na nilijivuna. Nilimwambia kila mtu, huyu ni mkono wangu. Baada ya msimu mmoja tu akaaga, akahamia kwa washindani wetu.

Wakulima hawakuyaita makampuni kwa majina yao. Sisi tulikuwa Bluu kwa ajili ya turubai letu, wale walikuwa Wekundu. Niliwaambia watu wote kwamba Nyangeta amefuata mshahara. Nililisema mara nyingi hata likawa kweli. Na Wekundu, katika vituo vyote vya Bunda, wakamleta Mugeta. Wakamfungulia kituo ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na changu.

Vijana, wivu wa mapenzi nimeusikia ukiimbwa redioni. Wivu wa kazi hakuna anayeuimba, lakini unauma vile vile. Bei ilikuwa moja, iliyotangazwa kwa makampuni yote, kwa hiyo sikuweza kusema ananishinda kwa bei. Na bado watu walishuka na baiskeli zao, wakanisalimia vizuri sana, "Shikamoo Mzee Magesa," wakavuka barabara. Nilikigeuza kiti changu ili nimwone vizuri. Nilihesabu vichwa kwenye foleni yake. Walimletea viazi vitamu. Walimletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mimi kwa miaka yote ile niliwahi kuletewa jogoo mmoja, na huyo aliletwa ili nilipitishe gunia lenye maji.

Na kila asubuhi, mbele ya macho yangu, Nyangeta alilitundika dumu la maji kwenye mizani. Dumu la Nyamhanga! Hadithi yangu mwenyewe! Aliwaambia hata wakulima waje na madumu yao kutoka nyumbani wayatundike wenyewe. Wamama walikuwa wanacheka, wanapiga makofi mshale unapofika. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa ng'ombe, wakati ng'ombe nilikuwa nimemfungulia mwenyewe.

Mke wangu Perusi aliniambia, "Magesa, siku nzima unamwangaliaga yule binti. Yangekuwa mapenzi ningejua la kufanya. Hii ya mizani inanishinda."

Nilimwambia anyamaze, nikala chakula kikiwa kimepoa.

Aliyenitoa kwenye uvungu ni Mama Bhoke. Huyu alikuwa mjane, mkulima wa ekari tatu, mwenye ulimi mkali na magunia masafi kuliko yote Mugeta. Hakuwahi kunitilia maji hata tone. Asubuhi moja alilipima gunia lake kwangu, likasoma arobaini. Akalibeba kichwani, akavuka barabara, akalipima kwa Nyangeta. Likasoma arobaini na tatu. Akasimama katikati ya barabara na gunia lake kichwani, akapaza sauti, "Jamani, mizani moja hapa inasemaga uongo. Ni ipi?"

Hapo ndipo kila kitu kilipoanza kuwa hatarini, vijana, changu na cha yule binti. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Alitangaza kwamba kampuni itakayoonekana ina mizani ya uongo itakunja turubai na kuondoka Mugeta, na karani wake asionekane tena.

Mimi nilikuwa na siku mbili za kufikiri. Ningeweza kuchukua bisibisi. Dakika tano zilinitosha kuirudisha ile skrubu. Lakini niliona foleni yake, niliona kibuyu cha maziwa, nikafikiri kitu kingine. Wivu una akili sana, isipokuwa akili yake inaangalia upande mmoja tu.

Siku ya mkutano nilivaa koti. Nilisimama mbele ya watu wa Mugeta nikasema, kwa utulivu, kwa sauti ya mtu mzima, "Ndugu zangu, mizani yangu ina muhuri. Mnanijua. Ya Wekundu inaongeza. Inawapa kilo za bure mwaka huu, ili Bluu tushindwe tufunge. Tukishafunga, mtabaki na mnunuzi mmoja, na mwaka kesho ndipo mtakapoona rangi yake. Na hilo dumu ni mchezo wa kuigiza. Nani anajua limewekwa nini ndani?"

Mngesikia minong'ono. Maneno yalikuwa mazuri kwa sababu yalifanana na kweli. Yapo makampuni yanayofanya hivyo, yanampandishia mkulima leo ili yammeze kesho. Nilichukua dhambi halisi ya biashara nikamvisha mtu asiyekuwa nayo. Niliona watu wawili watatu wakimgeukia Nyangeta kwa macho mengine, na niseme wazi kwamba nilifurahi. Kifua changu kilikuwa chepesi kama sijapata kuumwa maishani.

Nyangeta akasimama. Sauti yake haikutetemeka.

"Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi. Baba Magesa anasema mizani yangu inaongeza. Basi tubadilishane. Kesho yeye achukue yangu, mimi nichukue yake, siku moja tu. Kama yangu inaongeza, watu wote watahamia kwake, atapata faida. Na mimi nitapimia na hiyo ya kwake yenye muhuri."

Akakaa. Watu wote wakanigeukia.

Lilikuwa pendekezo la haki kabisa, hata mtoto angelielewa. Nami nikasema, "Haiwezekani. Ile ni mali ya kampuni."

"Ni siku moja tu," akasema mwenyekiti.

"Kuna utaratibu. Mpaka meneja aandike."

"Apigiwe simu."

"Simu yake huwa haipatikani."

Mama Bhoke alikuwa amekaa mstari wa mbele, ameshika tama. Aliniangalia koti langu, akaniangalia paji la uso. "Wewe Magesa," akasema, wala hakupaza sauti, "mbona unatokaga jasho? Yeye ndiye ameshitakiwa, wewe ndiye unalowa."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Boga walinicheka na nikapona. Safari hii watu walianza kusimama mmoja mmoja na kwenda nyumbani, hata mwenyekiti hakufunga mkutano. Kila mtu alikuwa amepata jibu lake.

Nyangeta alinifuata nilipokuwa nafungua baiskeli. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa.

"Baba," akasema, "ule mshale mimi niliuonaga tangu msimu ule wa kwanza. Nilitundikaga dumu siku moja ulipoenda kula. Ndiyo maana niliondokaga."

"Si ulifuata mshahara?"

"Mshahara ulikuwa ni ule ule."

Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo mkutanoni, mbele ya watu, animalize. Akavuta kanga yake begani. "Wewe ndiye ulinifundisha kazi. Ningesemaje mbele za watu?"

Nilimchukia kwa jibu hilo, vijana. Angenitukana, tungekuwa sawa. Sasa alikuwa ananishinda hata katika jambo ambalo hakuna mizani ya kulipimia.

Kesho yake asubuhi niliirudisha skrubu mahali pake. Nilimnyang'anya Perusi lile dumu, nikalitundika, mshale ukafika pale pale. Nilikaa. Hakuja mtu. Karibu na mchana alikuja Mama Bhoke, mikono mitupu, akautazama mshale.

"Umenyoosha?"

"Nimenyoosha, Mama Bhoke."

"Na ile miaka mingine nayo umeinyoosha?"

Akavuka barabara. Nimehubiriwa makanisani tangu utoto wangu, na sikumbuki mahubiri yaliyonikaa kama hayo. Bluu walikunja turubai kabla msimu haujaisha. Meneja alisema amesikitishwa sana na tabia yangu, kana kwamba lile bisibisi lilikuja lenyewe kutoka mbinguni. Sikumjibu, maana skrubu hakuikaza yeye. Nilipelekwa ghalani Bunda, nikahesabu marobota mpaka nikastaafu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Makampuni yananunua kupitia ushirika, mizani ni ya tarakimu, mkulima analipwa kwenye simu. Msidanganyike na tarakimu lakini, hata yenyewe mtu anaweza kuifundisha uongo, na tena haionyeshi mshale ukitetemeka. Pale Mugeta ushirika una mizani moja tu kwa makampuni yote. Wakati wa kuchagua nani aishike, Wekundu walimtaja Nyangeta. Hilo nililitegemea. Bluu nao, kampuni yangu, niliyoitumikia mpaka jino langu likameguka, wakamtaja Nyangeta. Washindani wawili wasiokubaliana hata juu ya jua linatokea wapi, walikubaliana juu yake. Nilipewa habari hizo nikiwa Musoma mjini kwenye msiba, na nilisononeka kuliko wafiwa.

Mimi na Perusi tulishanunua shamba pale Mugeta zamani, kwa hiyo sasa na mimi ni mkulima. Msimu uliopita nilikuwa na pamba yangu, nzuri, imeanikwa siku nne. Asubuhi ya kwenda kuuza, nilichukua kopo la maji nikainyunyizia ya katikati. Si kwa njaa ya kilo. Nilitaka kumjaribu. Nilijiambia, akinipitisha kwa kuniheshimu, basi na yeye ni mtu kama sisi, na mimi nitalala usingizi. Akinipitisha, tumelingana. Niliomba anipitishe. Nilikokota baiskeli njia nzima nikiomba hivyo, mzee mwenye mvi, mshirika mzuri wa kanisa.

Foleni ilinipisha kwa ajili ya umri. Nyangeta akasimama, akaniamkia kwa magoti kidogo, "Shikamoo Baba," akaniuliza habari za Perusi. Halafu akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alinusa. Akachukua mbegu moja, akaiweka kati ya meno.

Haikulia.

Akaitema kiganjani, akanionyesha, vile vile nilivyokuwa namwonyesha yeye. Akaniinamia sikioni ili foleni isisikie. "Irudishe ikauke, Baba. Kesho utapita mbele tena."

Nikafunga gunia. Perusi akiniuliza ningesema ni umande, ingawa ulikuwa mwezi wa saba na ardhi ilikuwa inapasuka. Baiskeli ilikuwa nzito, maana maji niliyoyatia nilikuwa nayarudisha mwenyewe, na kurudi kwetu ni kupanda. Nilipofika kwenye kona ya kanisa nikakutana na Mama Bhoke, amezeeka, amejitwika gunia lake.

"Magesa, mbona unarudi na mzigo?"

"Wanasema haijakauka."

"Nani amesema?"

"Nyangeta."

"Aah," akasema Mama Bhoke. "Basi haijakauka."

Akapita. Hakusimama, wala hakulishika gunia langu. Huyu ndiye mama aliyelibeba gunia lake kichwani akavuka barabara kwa sababu hakuniamini mimi, na sasa alimwamini mtu ambaye hata hakuwepo pale. Nilipima pamba maisha yangu yote, na hakuna siku hata moja watu waliwahi kuniaminia neno langu namna hiyo. Nilibaki nimeshika usukani, nikimwangalia akishuka kuelekea kituoni, na wivu ukaniuma upya.